Gari la rimoti likigoma, anza kwenye betri

"Kaka, shikamoo. Nimefunga mota mpya lakini gari bado linazima."

Kijana mwenyewe ana miaka kama kumi na sita, gari kwapani, jasho linamtiririka kwa jua la saa tisa alasiri. Gari ni la kipimo cha 1/10, yaani moja ya kumi ya gari halisi, mota inang'aa, imetoka dukani juzi. Nikamwambia aliweke chini avute mafuta yote, yaani abane kitufe cha mwendo cha rimoti mpaka mwisho. Likaruka mita tano hivi, likazima ghafla, tairi za mbele zikatikisika kushoto na kulia, halafu likaamka kana kwamba hakuna kilichotokea. Akavuta tena, likarudia yale yale.

Sikugusa mota. Nilichomoa betri. Ile plagi nyeupe ya kizamani, upande wa waya mwekundu, ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na kipini kimoja kilikuwa kimezama ndani ya plastiki iliyoyeyuka. Plagi mpya ni bei ya chakula cha mchana. Mota aliyoinunua ilikuwa akiba yake ya miezi.

Ninaandika haya kwa sababu jambo hili naliona karibu kila tunapokutana kukimbiza magari, na linaniuma. Tatizo hujionyesha kwenye mota, kwenye usukani au kwenye tairi, na mtu anaenda kununua kile kinacholalamika. Chanzo mara nyingi kiko nyuma yake, kwenye njia ya umeme. Basi tuifuate njia hiyo tangu mwanzo: betri, plagi, kidhibiti mwendo (kile kiboksi kinachopimia mota umeme), mota, gia, tairi. Alaimenti na shokapu zije mwisho kabisa.

"Likienda taratibu ni zima, nikivuta yote linakata"

Hili ndilo lalamiko namba moja, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Betri ya lipo (ya lithiamu) ya seli mbili ikijaa ina volti 8.4, yaani 4.2 kila seli. Jina lake la dukani ni volti 7.4. Ukivuta mafuta yote, mota inaweza kudai ampia 40 au zaidi kwa sekunde moja ya kuondoka, na volti zinashuka. Kushuka kidogo ni kawaida. Sasa weka katikati plagi iliyolegea au yenye kutu, yenye ukinzani wa omu 0.02 tu. Kwa ampia 40, plagi hiyo peke yake inakula volti 0.8 na kugeuza wati 32 kuwa joto. Wati 32 ndani ya kitu kidogo kama kifundo cha kidole! Chombo cha kuchomea risasi cha fundi simu kina nguvu za namna hiyo hiyo. Ndiyo maana plastiki inayeyuka.

Kidhibiti mwendo ndicho pia kinachoilisha risiva, inayopokea amri za rimoti, na sevo, kimota kinachogeuza usukani. Volti zikiporomoka, risiva inazima kwa kufumba na kufumbua kisha inawaka upya. Zile tairi za mbele zilizotikisika kwenye gari la yule kijana zilikuwa ni risiva inaamka. Ukiona dalili hiyo, usihangaike na rimoti wala mota kwanza.

Namna ya kuthibitisha haihitaji kifaa. Endesha gari dakika mbili kwa nguvu, zima, kisha gusa kwa kidole: plagi, sehemu zote zilizochomwa risasi, waya mmoja mmoja, swichi. Sehemu iliyo ya moto kuliko jirani zake ndiyo inayokula umeme. Ikiwa kila kitu ni vuguvugu sawasawa, chukua multimita upime betri yenyewe, seli moja moja, kwenye ule waya mwembamba wa balansi, unaounganisha kila seli na chaja. Pima ikiwa imejaa, pima tena baada ya kukimbia. Seli zikianza zote na 4.2 na kumaliza moja ikiwa na 3.7 na nyingine 3.4, ile dhaifu ndiyo inayokukatia gari, na hakuna mota itakayoiponya.

Tukiwa hapa hapa, angalia kidhibiti kimepangwa kwa betri ya aina gani. Kikiwa kwenye mpango wa lipo na wewe unatumia betri ya nikeli ya volti 7.2, kitakata mapema wakati betri bado ina chakula. Kinyume chake ni kibaya zaidi: ukiweka lipo kwenye mpango wa nikeli, gari halitakata kamwe. Utafurahi kukimbia muda mrefu, na kumbe seli zinashuka chini ya volti 3.0 na kuharibika moja kwa moja. Mimi napanga ikate kwenye 3.3 kwa kila seli. Naona ni afadhali kupoteza dakika moja ya mbio kuliko betri nzima.

Dawa ya plagi ni kubadilisha zote mbili, ya betri na ya gari, uweke za XT60, plagi zinazobeba umeme mwingi, au zinazolingana nazo. Kubadilisha upande mmoja tu ni kuhamisha ugonjwa. Ukimpelekea fundi simu wa Kariakoo au Mwenge, mwulize kwanza kama ana chombo kikubwa cha kuchomea. Chombo chake cha simu ni kidogo kwa waya mnene: risasi itashika juu juu bila kuingia ndani ya nyuzi. Kiungo kizuri cha risasi kinang'aa na kimeulowesha waya mpaka ndani. Kilichofifia kama majivu, chenye umbo la kitonge kilichokaa juu ya waya, mwambie akirudie hapo hapo kabla hujalipa.

Betri iliyovimba haina marekebisho. Usiitoboe kutoa hewa, usiibane irudi kwenye nafasi yake, usiichaji tena. Iweke nje, juu ya saruji, mbali na chochote kinachoshika moto. Na hata betri nzima chaji ukiwa upo, juu ya sakafu ya saruji au ndani ya chungu cha udongo, kwa ampia zinazolingana na ukubwa wake. Yenye ujazo wa mAh 5000 (ampia 5 kwa saa moja) ichajiwe kwa ampia 5, na utasubiri kama saa moja. Kuna watu wanachaji juu ya godoro wakiwa wamelala. Nawaomba waache, leo.

"Mota inachemka hadi inanuka"

Dar yenyewe ina sehemu yake katika hili. Mwezi wa pili mchana hewa inafika nyuzi 32 na kupita, lami inaunguza, na gari linaanza mbio likiwa tayari na joto ambalo mwenzako wa nchi ya baridi analipata baada ya dakika kadhaa. Mipangilio ya gia unayoikuta kwenye video za huko ichukulie kama ya kwao.

Ukigusa mota na kushindwa kuishikilia hata sekunde mbili tatu, imepita nyuzi 60 hivi. Ukiwa na kipimajoto cha kuelekeza, mimi nasimama ikifika 80. Joto likizidi sana, sumaku za ndani hupoteza nguvu na hazirudi. Mota inakuwa dhaifu, nawe unaongeza gia kufidia, inachemka zaidi.

Kabla ya gia, fanya jaribio moja. Chomoa betri, tenganisha pinioni, ile gia ndogo ya kwenye mota, na gia kubwa, nyanyua gari, zungusha tairi kwa mkono. Zinatakiwa zizunguke laini na kuendelea kidogo ukiachia. Zikikwama, umempata mwizi: nati ya tairi iliyokazwa mno, nywele au uzi uliojiviringisha kwenye ekseli, au beringi iliyojaa mchanga. Magari mengi ya kuanzia huja na bushi za plastiki badala ya beringi, na mchanga wetu mwembamba unazisaga kama tupa. Kubadilisha bushi kuwa beringi ndiyo pesa ya kwanza ambayo ningemshauri mtu atumie, kabla ya kitu chochote kinachong'aa. Kwenye magari mengi ya 1/10 utahitaji za milimita 5 kwa 11 kwa 4, ila pima za kwako kwanza.

Kisha pengo la meno. Kata kipande cha karatasi ya daftari, kipitishe kati ya pinioni na gia kubwa, sukuma mota ibane karatasi, kaza skrubu, toa karatasi. Inatakiwa itoke imekunjwakunjwa bila kuchanika. Zungusha gia kubwa mzunguko mzima na urudie kupima sehemu tatu nne, kwa sababu gia za plastiki si duara kamili. Meno yakibanana, mota inapigana na gia. Yakiachana, yanalana.

Yote hayo yakiwa sawa na bado inachemka, ndipo upunguze pinioni. Hesabu yake: meno ya gia kubwa gawanya kwa meno ya pinioni, zidisha kwa uwiano wa ndani wa gari. Tamiya TT-02, ambalo wengi wanaanza nalo, lina uwiano wa ndani wa 2.6. Ukiwa na gia kubwa ya meno 70 na pinioni ya 22 unapata 8.27, yaani mota inazunguka mara 8.27 ili tairi izunguke mara moja. Kushuka kutoka 22 hadi 19 kwenye gari lolote kunapunguza kasi ya juu kama asilimia 14, lakini mota inapumua na gari linatoka kwenye kona kwa nguvu zaidi. Kwenye viwanja vyetu, ambavyo hakuna mnyoofu mrefu wa kufikia kasi hiyo ya juu, mara nyingi utamaliza mzunguko mapema zaidi. Vijana hawaniamini hadi tupime kwa saa.

Mwisho, tundu. Bodi iliyozibwa kila upande ni jiko. Toboa nyuma ya kioo cha mbele na kata sehemu ya nyuma ili hewa iingie na kutoka. Kama kuna feni, isafishe kwa brashi ya meno kila baada ya mbio.

"Linagugumia likiondoka"

Kwa mota ya brashilesi, yaani isiyo na kaboni, angalia zile nyaya tatu nene. Mmoja ukilegea, mota inatetemeka mahali pamoja bila kuzunguka. Usiendelee kuvuta mafuta, utachoma kidhibiti. Kama mota ina sensa, inayomweleza kidhibiti mota imefika wapi kwenye mzunguko, angalia ule waya mwembamba wa sensa na uhakikishe nyaya A, B na C zimekaa kila moja mahali pake. Kwa mota isiyo na sensa unaweza kubadilishana nyaya mbili yoyote kugeuza mzunguko, lakini kwa yenye sensa usifanye hivyo. Kugugumia kidogo ukiondoka taratibu sana ni tabia ya mota zisizo na sensa. Kukizidi, rudi juu ukasome tena kuhusu betri.

Kwa mota ya kaboni, fungua uone kaboni zimebaki kiasi gani. Zikiisha, cheche zinaongezeka, na cheche hizo zinasumbua hadi risiva.

"Mota inalia lakini gari haliendi"

Hili ni jepesi. Skrubu ndogo ya pinioni imelegea, na pinioni inazunguka bure kwenye shafti. Shafti ina upande mmoja bapa, na skrubu lazima ikae juu ya huo ubapa. Futa oili, weka tone la gundi ya kufungia nati, kaza. Gundi hiyo ni kwa chuma na chuma tu, maana inapasua plastiki. Kama pinioni ni nzima, tazama meno ya gia kubwa, halafu vua tairi uangalie vile vipini vidogo vinavyopita kwenye ekseli. Kikianguka kimoja, tairi inabaki mapambo, na difu, gia inayogawa nguvu kati ya tairi mbili, inapeleka nguvu zote kwenye tairi hiyo isiyo na kazi.

"Halisikii rimoti"

Rimoti inawashwa kwanza na kuzimwa mwisho, siku zote. Betri za rimoti ziwe mpya. Seti za kisasa za 2.4 GHz zina antena ambayo sehemu inayofanya kazi ni ile ncha iliyo wazi, milimita 31 hivi. Ikikatika, au ikizungushwa chini kando ya betri, umbali unapungua sana. Isimamishe wima ndani ya kijibomba chake. Masafa haya yanamezwa na maji, kwa hiyo gari likiwa mbali na chini kwenye mchanga uliolowa, au watu wakisimama katikati yenu, utasikia tofauti.

Seti za zamani za 27 MHz, ambazo bado zinaletwa na mitumba, zinatumia kristali, kipande kidogo kinachoamua masafa ya rimoti. Wawili wakiwa na kristali ya rangi moja, mmoja ataendesha gari la mwenzake. Ulizaneni kabla ya kuwasha.

Na panga ile hali ya usalama: mawasiliano yakikatika, gari lishike breki. Uwanjani kwetu kuna watoto wanakaa pembeni. Gari la kilo moja na nusu likienda kilomita 50 kwa saa linaweza kuvunja mguu wa mtoto. Asiyepanga hili mimi sikimbii naye.

"Linavuta upande mmoja"

Liweke kwenye sakafu ya vigae. Washa, rudisha trimu (kile kirekebishi cha usukani kwenye rimoti) kwenye sifuri, uone mkono wa sevo umesimama wapi. Kama umeinama, uvue, uache sevo itulie katikati, uurudishe ukiwa umenyooka. Trimu ni ya kurekebisha kidogo tu. Ukiitumia kuficha mkono uliokaa vibaya, gari litapinda vizuri kulia na vibaya kushoto.

Kisha nyanyua pua ya gari taratibu kwa ncha ya bisibisi iliyokaa katikati kabisa. Tairi mbili za mbele zinatakiwa ziachie sakafu pamoja. Moja ikitangulia, chasisi imepinda au springi hazilingani. Mara nyingi ni skrubu za sahani ya juu ya chasisi zilizokazwa gari likiwa limekaa vibaya. Zilegeze zote, bonyeza gari kwenye sakafu, kaza upya.

Likivuta upande tu unapovuta mafuta, tazama tairi moja ya nyuma imebanduka gundi kwenye rimu. Ibonyeze kwa kidole gumba, utaona mwanya. Futa kwa spiriti, tone la supaglu, shikilia.

"Mkia unakimbia" na "halikati kona"

Tairi kwanza. Uso wetu hapa ni lami yenye mchanga mwembamba juu yake, na mchanga huo unaletwa upya na upepo kila wiki. Ufagio na dakika kumi za kufagia mstari wa mbio vina faida kuliko springi za bei kubwa. Futa tairi kwa kitambaa chenye maji kila kabla ya kuingia. Tairi ngumu zinazodumu mwaka mzima hazitashika, hata ukiita fundi gani.

Mkia ukiendelea kukimbia, weka springi laini nyuma, au geuza pua za tairi za nyuma zielekee ndani zaidi, hadi nyuzi 2 au 3. Ukikimbia wakati wa kuvuta mafuta tu, difu ya nyuma huenda ni ngumu mno, basi punguza uzito wa oili yake. Likiwa halikati kona, weka springi laini mbele au ngumu nyuma. Kumbuka oili ya shokapu inakuwa nyepesi kwenye joto. Gari lililokaa vizuri saa moja asubuhi linaruka ruka saa nane mchana, na dereva wake anadhani kuna kitu kimevunjika. Mimi nabeba oili ya hatua moja nzito kwa ajili ya mchana.

Badilisha kitu kimoja, zunguka mara tano, andika. Ukibadilisha vitatu pamoja hutajua kipi kilichosaidia.

Baada ya Coco Beach

Najua raha yake, mchanga unavyoruka nyuma ya tairi. Lakini gari la mbio nisingelipeleka ufukweni hata kidogo. Hata vifaa vilivyoandikwa kwamba haviingii maji, beringi zake ni chuma, na maji ya chumvi yanapitisha umeme na kuleta kutu usiku mmoja. Kama umeshaenda, usisubiri kesho. Chomoa betri, suuza gari kwa maji baridi ya bomba bila presha, pangusa, vua tairi, toa beringi, ziloweke kwenye spiriti, zikaushe, ziwekee tone la oili nyepesi. Sponji za ndani ya tairi hunywa maji na kukaa nayo. Ukisikia tairi nzito, toboa tundu dogo katikati ya uso wake, zungusha gari likiwa juu ya kibao mpaka maji yaishe.

Jioni hiyo hiyo, kabla ya kuoga, shughulikia betri. Iwe imebaki chini au imejaa, ipeleke kwenye hali ya kuhifadhi, volti 3.8 hivi kwa kila seli. Chaja nyingi zina kitufe chake. Betri iliyoachwa imejaa kwenye chumba cha joto kwa wiki kadhaa ndiyo inayovimba, na kama haijavimba, ndiyo itakayoporomoka volti Jumapili ijayo ukivuta mafuta yote. Yule kijana tulimwekea plagi mpya pale pale. Gari likaondoka bila kukata, na mota ya zamani akairudisha, maana haikuwa na kosa. Ile mpya ipo kwenye boksi lake, anatafuta mtu wa kuinunua.